Mzamiaji wa Kisiwa cha Fahal

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Siku kubwa! Sheikh Thabit, mkuu wa ofisi yetu mpya ya wageni hapa Matrah, katukusanya asubuhi. Kaja Mholanzi mmoja, Bwana Pieter, mtu mkubwa kwao. Alkhamisi anataka kwenda kuzamia Kisiwa cha Fahal, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ana mitungi miwili ya hewa ya kupumulia chini ya maji, mmoja wake, mmoja wa atakayezamia naye. Sheikh akauliza nani kati yetu ashawahi kuzamia. Marhoon, mwenzangu wa ofisini, akafungua mdomo. Nikamuwahi! Nikasema Unguja nzima ilikuwa ikinijua, nikipiga mbizi Forodhani, abiria wa meli wakitupa sarafu baharini.

Si uongo mtupu. Forodhani nilikuwapo. Wenzangu wakipiga mbizi, mimi nikiwashikia nguo.

Sheikh kasema safari hii ikipendeza, aliyeipanga atakuwa mkuu wa safari za wageni. Na cheo kina nyumba! Iko Azaiba, vyumba viwili, mlango wake mwenyewe. Mlango, wallahi! Baba mkwe kaniandikia kutoka Mombasa kuwa Aliya hapandi meli kuja kulala ukumbini kwa wifi yake, baina ya magunia ya mchele. Huko ndiko ninakolala mimi. Mwezi wa tatu huu sijamuona mke wangu. Nnamkumbuka mpaka kikohozi chake cha asubuhi.

Mpango: mgeni, mimi, nahodha. Basi. Sheikh kaongeza kuwa Marhoon anisaidie. Marhoon akanipa mkono, akasema kafurahi kwa ajili yangu. Mnafiki mkubwa.

Jumapili, 6 Desemba

Mazoezi. Dada yangu Masouda yuko jikoni, mimi nikatia kichwa ndani ya pipa la maji ya kunywa. Nia yangu kuhesabu mpaka mia. Nilipofika saba nikapaliwa, nikateleza, miguu ikabaki juu. Masouda akanivuta kwa miguu huku akipiga mayowe. Mtaa mzima ukajaa uani. Wako waliokwisha anza kunisomea.

Ikabidi nieleze. Masouda kusikia kisiwa, machozi yakamkauka. Akasema toka tuhame Unguja kuja Matrah hajatia mguu nje ila kwa msiba. Mimi, kwa adabu tu, nikasema karibuni. Mtu akiambiwa karibu hujibu ahsante, siku nyingine! Ndivyo tulivyolelewa. Masouda kajibu haya, tunakuja.

Na wanawake wote waliojaa uani wakasema hivyo hivyo.

Jumatatu, 7 Desemba

Wanawake kumi na mmoja. Na nani yumo? Bi Mahfoudha, mama yake Sheikh Thabit! Miaka sabini na mbili, mkongojo, na ulimi. Kaniletea salamu kuwa mishkaki ataitia viungo yeye, mimi nitafute mkaa na seredani mbili. Mama wa Sheikh utamwambia nini? Nikasema nimefurahi.

Nahodha kaniuliza mgeni atakaa wapi mashuani. Nikamwambia hiyo kazi yangu. Sijui atakaa wapi.

Jumanne, 8 Desemba

Dawa ya Marhoon imepatikana. Nimemwambia mgeni kabadili shauri, hatuendi Fahal, tutazamia pwani ya Yiti. Yeye atangulie Alkhamisi alfajiri kwa Land Rover ya ofisi, atusubiri pwani. Njia ya Yiti ni mawe matupu, itamtikisa mpaka meno. Nitazamia, nitasifiwa, yeye yuko Yiti anahesabu kaa.

Kanishukuru! Kaniuliza na mimi nimeshakula au bado. Anachimba siri huyu.

Jumatano, 9 Desemba

Nimekwenda kwa Bwana Pieter kuchukua mitungi. Kanionesha jinsi ya kutumia. Hiki unafungua, hiki unauma kwa meno, hiki usikiguse kabisa. Au ndicho cha kuuma? Kiingereza chake kinakimbia. Nikaitikia vyote. Upo na mkanda wenye vipande vya risasi vya kumzamisha mtu, mzito kama mwana wa ng'ombe. Nikamwambia Unguja tulikuwa nayo mizito zaidi. Akavutiwa.

Mitungi nimeiweka ukumbini. Jioni nakuta Masouda kaifunika vitambaa vya kudarizi, na juu ya mmoja kaweka redio. Nikaghadhibika. Akasema chombo kinachokaa ukumbini kwake lazima kikae kwa heshima.

Usingizi hauji. Khofu si khofu, lakini nikifumba macho naona maji.

Alkhamisi, 10 Desemba

Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pwani ya Matrah. Wanawake kumi na mmoja, masufuria manne, birika, halwa, mikeka, mitungi. Mgeni hayupo! Nikatuma mtu nyumbani kwake. Akarudi na khabari kuwa Marhoon kampitia alfajiri, wamekwenda Yiti. Ati kaona si vizuri mgeni atafute usafiri peke yake! Nani kamwambia awe na adabu? Nikataka safari ivunjwe. Bi Mahfoudha akagonga mkongojo juu ya ubao wa mashua, akauliza nyama hii iliyokwisha tiwa viungo tuizike? Nahodha akawasha mashine.

Fahal ni jabali lenye kipande cha mchanga chini yake. Tukashuka. Mkaa ulikuwa umerowa njiani, hauwaki. Kipepeo cha kupepea moto kimesahauliwa. Wanapuliza kwa midomo, macho mekundu, lawama zote kwangu. Masouda akauliza mitungini mna nini. Nikasema hewa. Akauliza hewa tu? Nikasema hewa tu. Wakatazamana.

Yalaiti ningenyamaza! Nilipogeuka Bi Mahfoudha alishakwisha fungua mtungi mbele ya seredani. Pooo! Mkaa ukaruka, nusu ya mishkaki ikaingia baharini na sufuria moja ikafuata. Mara ya pili akafungua kidogo kidogo, kwa ustadi, na seredani ikawaka vizuri sana. Mtungi wa kwanza ukaishia kwenye nyama. Wa pili kwenye chai. Kusema kweli, nyama sijapata kula kama ile.

Kisha wakataka kuniona nikizamia. Nikasema hewa imekwisha. Bi Mahfoudha akauliza kule Forodhani nilikuwa na mtungi? Hapo nikaona lazima. Nikafunga mkanda wa risasi juu ya kikoi, nikavaa miwani ya kuzamia niliyopewa pamoja na mitungi, nikaingia mpaka magotini nikiwapungia mkono. Wimbi dogo, dogo kabisa, likanipiga nyuma. Nikaanguka. Mkanda ukakataa kunyanyuka! Maji ya magoti, na mimi nimo chini yake, naona kokoto na mishkaki yetu. Nikasema Aliya, kwaheri.

Bi Mahfoudha kaingia na viatu vyake. Kanishika kikoi, kavuta. Kikoi kikatoka, mimi nikabaki. Mara ya pili kanishika shingo. Masouda akanirushia leso yake nijifunge, na wanawake kumi na mmoja wakageuka kulitazama jabali mabega yakiwatikisika.

Alasiri tumerudi. Marhoon na mgeni wako pwani wanatusubiri, wekundu kwa jua. Bwana Pieter anacheka peke yake. Ati wavuvi wa Yiti wamemchukua kwa miwani tu, bila mtungi, kaona makasa watatu na samaki wa kila rangi. Akaipokea mitungi yake, akafungua wa kwanza. Kimya. Wa pili, kimya. Akanitazama kwa heshima kubwa, akauliza nimekaa chini ya maji muda gani. Nikasema sikutazama saa.

Akanipa mkono! Cheo ni changu.

Jumamosi, 12 Desemba

Cheo si changu.

Sheikh kanikaribisha kiti. Kasema mgeni kanisifu sana, na Marhoon naye kasema wazo la Yiti lilikuwa langu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akasema lakini jana, baada ya chakula cha mchana, mama yake kamsimulia. Akajaribu kuendelea, akashindwa, akageukia ukutani, akatoa leso kufuta macho. Alipopata sauti akasema mkuu wa safari ni Marhoon.

Nilikwenda nje nikakaa chini ya dirisha la ofisi. Nimelia kidogo. Nitamwandikia nini Aliya? Kuwa mlango nimeukosa kwa maji ya magoti?

Jumapili, 13 Desemba

Marhoon kanijia asubuhi ukumbini, kakaa juu ya gunia. Kasema mama yake hataki hata kusikia kuhama Matrah, na yeye hawezi kumuacha. Nyumba ya Azaiba itakaa bure. Keshamuomba Sheikh ruhusa, na Sheikh karidhia. Niichukue mimi, nimlete mke wangu. Akaniwekea ufunguo mkononi, akaondoka. Hakutaka kitu. Hata chai kakataa.

Nimekaa nauangalia ufunguo mpaka adhuhuri. Mtu hatoi nyumba ya vyumba viwili hivi hivi. Nimefikiri sana, nimemgundua: anataka watu wamuone mwema! Kwangu hapati.

Nimemwandikia Aliya apande meli ya kwanza. Nimemweleza kuwa nyumba nimeipata kwa uzamiaji, na kuwa hapa ofisini yuko mtu mmoja, Marhoon, ajihadhari naye.

Alasiri nimekwenda Azaiba. Vyumba viwili, vyeupe, upepo unapita. Mlango wa mbao, mzito, mzuri. Nimeufungua na kuufunga mara ishirini. Kesho asubuhi nnakwenda sokoni kununua kitasa kipya. Marhoon asije akajifanya nyumba ni yake.