Jinsi Nilivyomficha Winga wa Kushoto

Jumatatu, 16 Juni 2025

Kamati ilikaa jana. Mimi, Anderson, Kocha Mkuu wa akademi ya vijana ya Miamba FC hapa Masasi, niliachwa nje kwenye benchi. Mlango ukafungwa. Mlango ufungwe kwa nini kama hakuna jambo?

Mwishowe Mwenyekiti, Mzee Yunusi, akaniita. Akasema akademi ina miaka mitatu na haijapandisha hata kijana mmoja timu ya wakubwa. Jumapili tunacheza na vijana wa Newala, huko huko kwao. Siku hiyo nimwonyeshe mchezaji mmoja, mmoja tu, aliyekulia mikononi mwetu na anayefaa kupandishwa. Nikishindwa, akademi inafungwa, na klabu itatafuta washambuliaji Dar.

Sikubabaika. Ninaye! Husseni, miaka kumi na tano, winga wa kushoto. Nilimwona akiwa na miaka tisa, kabla hata akademi haijaanza, anapiga danadana na bibo la mkorosho nyuma ya ghala la korosho, na bibo halipasuki. Krosi nimemfundisha mimi. Chenga nimemfundisha mimi. Mtoto huyu nampenda kama wa kumzaa, na sijamwambia mtu.

Hatari ni moja: wezi wa vipaji. Mchezaji mzuri ni kama kuku aliyenona, kila anayepita anauliza ni wa nyumba gani. Kuanzia leo simwamini mtu. Daftari hili nalificha ndani ya debe la unga wa mhogo. Mke wangu Magdalena ameshauliza mbona unga una wino.

Jumanne, 17 Juni

Wameshafika! Saa kumi jioni, mtu mgeni kando ya uwanja. Miwani myeusi, buti, daftari. Anatazama juu, anaandika. Anatazama chini, anaandika. Wakala kutoka Dar, hakuna cha kujadili. Nikapuliza filimbi, nikawaamuru vijana wote wakae chini wafunge kamba za viatu mpaka aondoke. Wamefunga kamba dakika ishirini. Wanane kati yao hawana viatu.

La pili: msaidizi wangu, Cyril. Kijana mpole, anaimba kwaya, hajachelewa mazoezi hata siku moja. Ndiyo maana namtilia shaka. Leo kaenda nyuma ya goli na simu yake, anaongea kwa sauti ya chini. Nimenasa maneno mawili: "mama" na "subiri". Mama wa nani? Asubiri nini? Kikulacho ki nguoni mwako.

Afadhali alikuja Khalfan kunichangamsha. Ndiye kocha wa vijana wa Newala, kaja kupanga mambo ya Jumapili. Yeye Mmakonde, mimi Mmakua, watani tangu enzi za babu zetu, naye utani wake anautumia wote. Kabla ya salamu kaninyang'anya kofia, kaivaa. Chai yangu kainywa. Kaniita kipa wa magoli saba, yale niliyofungwa ujanani, mbele ya vijana. Nikamwambia kwao Newala maji ni shida mpaka jezi zinafuliwa kwa zamu, mwaka huu mikono, mwakani mgongo.

Halafu akamnyooshea Husseni kidole, akasema, "Anderson, mtoto huyu namchukua. Kwa mama yake nimeshakwenda, tumezungumza."

Tulicheka! Nikamwambia amchukue na mama mkwe wangu, nauli juu yangu. Akaondoka na kofia. Katika mji huu uliojaa siri, ni raha kuwa na mtu mmoja asiye na hila.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata dawa. Sikulala, nilikuwa naipanga. Jezi namba kumi na moja ya Husseni nimempa Godfrey, beki wetu wa kulia. Wanalingana kimo. Husseni kavaa namba mbili ya Godfrey na kukaa kulia, na nimemkataza kabisa kutumia mguu wa kushoto. Pia nimewabadilishia majina. Wakala akija, atamwona Godfrey. Na Godfrey, Mungu ambariki, ana roho nzuri lakini mpira ukimjia anafumba macho.

Husseni alisema, "Kocha, nina jambo nataka kukuambia." Nikajua ni habari ya jezi. Nikamwambia anyamaze, ukuta una masikio. Akasema uwanja wetu hauna ukuta. Nikamzungusha uwanja mara mbili.

Saa kumi na moja, nani anashuka kwenye bodaboda? Mzee Yunusi! Bila taarifa! Akaniuliza Husseni ni yupi. Cyril akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nikaonyesha namba kumi na moja. Ningefanyaje? Mwenyekiti anayekuja bila taarifa naye ni wa kuangaliwa. Huenda katumwa.

Akamtazama Godfrey nusu saa nzima. Godfrey kapiga hewa mara nne. Mara ya tano kaupata mpira, ukaenda kumpiga mbuzi wa jirani. Mzee Yunusi akatikisa kichwa, akapanda bodaboda yake bila kuaga. Mpango umefanya kazi kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika nikiwa na macho mekundu na mwili wa njano.

Asubuhi nilimwona yule wa miwani akipanda bodaboda kuelekea Lukuledi. Nikakodi nyingine, nikamfuata. Akashuka kwenye shamba la mikorosho. Nikamwambia dereva wangu azime pikipiki, nikaingia shambani kwa magoti na kujibana kwenye matawi ya chini ya mkorosho. Nikawa namsikia akiongea na mwenye shamba. "Huyu bado mchanga," anasema, "lakini akitunzwa atazaa sana." Anamsema Husseni wangu!

Ndipo mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa ikawashwa nyuma yangu. Sikupata muda hata wa kusema "Bwana". Mvulana wa mashine kaona tawi linakohoa, kaongeza moto.

Yule mtu ni bwana shamba. Anazunguka kata zote kuandika mikorosho yenye ugonjwa wa ubwiri unga, na ile miwani ni ya kuzuia salfa. Alinimwagia maji usoni kwa upole sana. Upole wa namna hiyo nao una sababu yake, ila leo sina nguvu ya kuitafuta.

Magdalena alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema neno moja la maana, kwa maoni yake. Akasema, "Baba Glory, si uende tu kwa mama yake huyo mtoto? Ukakae mkekani, umwambie unamwona mwanaye anafika wapi." Amesema Mama Husseni kanitumia salamu mara mbili wiki hii kwamba ana shida na mimi. Nikamjibu kwamba mzazi ukimwambia mwanaye ana thamani, kesho anaanza kumtembeza. Heri asijue. Akaniambia nikaoge tena, masikioni bado kuna salfa.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya kucheka na siku ya kuchukia.

Kucheka kwanza. Khalfan huyo, kavaa kofia yangu, na faili la plastiki kwapani. Akatoa barua iliyopigwa chapa: klabu inamwachia Husseni ajiunge na akademi ya Newala, atakaa bwenini na kusoma sekondari huko huko. Chini kuna sahihi ya Mama Husseni, Bi. Mwanakombo. Chini yake sahihi ya Mzee Yunusi! Imebaki yangu, kocha mlezi.

Jamani, mtu huyu! Kusafiri kutoka Newala, kupiga barua chapa, kuiga sahihi ya Mwenyekiti mpaka ule mkia wake, yote hayo kwa ajili ya utani! Nilicheka nikashika mlingoti wa goli. Nikatia sahihi kubwa ya mshazari. Nikatoa muhuri wa akademi mfukoni, nikagonga mara mbili. Chini nikaongeza kwa mkono: "Kocha msaidizi naye achukuliwe, anatusumbua."

Khalfan hakucheka. Akaniambia, "Mtani, umesoma? Hapa si utani." Ndivyo wasemavyo watani wote. Akauliza tena. Mara ya tatu alinirudishia kofia yangu, akanipa mkono kwa mikono miwili, akasema ahsante. Fundi kweli! Hata uso haukumchezacheza.

Sasa kuchukia. Cyril alikuwa pembeni, uso umemwiva. Akanishika kiwiko, akasema, "Kocha, nakuomba, twende kwa Mama Husseni leo hii." Aha! Kwa hiyo "mama" wa kwenye simu ndiye huyo! Nikamuuliza anamtafuta mama wa mchezaji wangu wa nini. Akasema alikuwa anamwomba asubiri mpaka mimi niende. Uongo wa mchana! Nimemsimamisha kazi hapo hapo. Ameniachia filimbi na koni, akaondoka anatazama chini. Mwenye hatia hana macho.

Jumamosi, 21 Juni

Mazoezi mepesi. Vijana wananitazama vibaya kwa sababu ya Cyril. Wamelishwa maneno.

Husseni leo kawa wa ajabu. Kawakumbatia wenzake mmoja mmoja. Vilinda ugoko vyake kampa Godfrey. Mwisho akaja mbele yangu, akasimama, macho yanang'aa kwa machozi, akasema, "Kocha, mimi sikutaka iwe hivi." Hofu ya mechi. Nimewahi kuiona kwa wachezaji wakubwa. Nikamwambia aende akale mapema, alale, na kesho nitamrudishia jezi yake.

Akanipa mkono wa kushoto, kisha akakumbuka, akaubadilisha. Nilitaka kumwambia jambo, sijui hata ni lipi. Nikamwambia asimwonyeshe mtu huo mguu njiani.

Jumapili, 22 Juni

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Saa moja asubuhi basi letu la Kosta limejaa, Husseni hayupo. Tumengoja. Nikajua: Cyril! Nikaenda kwake, nikamkuta kanisani anaimba. Kisingizio kizuri mno. Tukaondoka bila winga.

Newala baridi, ukungu haukuisha mpaka saa nne. Timu zinaingia. Na namba kumi na moja wa Newala ni nani? Husseni wangu!

Nilicheka. Naapa nilicheka, nikampigia Khalfan makofi toka upande wa pili. Kaufikisha utani mpaka uwanjani! Goli la kwanza, krosi ya mguu wa kushoto, nikapiga makofi tena, nikawaambia vijana wangu watulie, ni mchezo wa watani. Goli la pili kafunga mwenyewe. Mapumziko nikamfuata Khalfan, nikamwambia haya, utani umenoga, sasa nirudishie mtoto. Akafungua lile faili. Nikaona muhuri wangu. Mara mbili.

Nikakaa kwenye nyasi.

Tatu bila, na yote matatu yalitoka kushoto kwa Husseni. Mzee Yunusi akauliza yule mtoto ni nani. Nikamwambia ndiye Husseni. Akasema haiwezekani, Husseni alimwona kwa macho yake Jumatano, anapiga hewa, ndiyo sababu Khalfan alipomletea barua aliisaini akiwa bado amesimama. Nikamweleza habari ya jezi.

Mama Husseni alikuwa ameketi chini ya kivuli cha jukwaa na kitenge kipya. Nikamsalimu. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza. Akasema, "Baba Glory, nilikuita mara tatu. Mwenzio kaja nyumbani, kapiga hodi, kala ugali wangu, kaniambia mwanangu atasoma wapi na atalala wapi. Wewe miaka sita umekaa naye, sijui hata ulimtakia nini. Cyril peke yake ndiye aliyekuwa ananisihi nikusubiri."

Kisha Husseni mwenyewe akaja, jezi ya kijani, jasho linamtoka. "Shikamoo, Kocha." Marahaba. Akasema mguu huu nimempa mimi na hatasahau. Nililia mbele ya watu wa Newala. Sijali. Nililia pia kwenye Kosta mpaka Masasi, na Godfrey alinipa jezi yake nipangusie.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeamka na akili safi.

Mzee Yunusi kaniita. Kasema kwa kuwa jana uwanja mzima umeona kijana aliyelelewa Masasi, kamati inaipa akademi nafasi mpaka Desemba. Mchezaji mmoja, sharti ni lile lile. Cyril arudishwe leo leo. Mlango ulikuwa wazi safari hii. Mlango wazi ndio mbaya zaidi, kila mtu anasikia.

Khalfan kapiga simu kuomba radhi. Kasema ananiheshimu, na kwamba alinieleza kweli tangu siku ya kwanza. Hilo ndilo nililokuwa nalichambua usiku. Sijawahi kukutana na ujanja wa hatari namna hiyo: mtu anasema kweli! Utajilindaje?

Nimetafuta kosa langu, nimelipata. Jezi haikuwa kosa. Salfa haikuwa kosa. Kosa ni kwamba Husseni mwenyewe alijua anajua mpira. Miaka sita namsifu! Siri ikishajulikana na mwenye mguu, si siri tena.

Na leo jioni, Mungu hamtupi mja wake, nimemwona mwingine. Chrispin, miaka kumi na moja, kaja peke yake kutoka huko vijijini, anauliza kama anaweza kujaribiwa. Miguu yote miwili! Anapiga mpira unakwenda unakata kona wenyewe. Cyril akataka kushangilia, nikamziba mdomo.

Nikamwita mtoto pembeni. Nikamwambia hana mpira hata chembe, miguu yake ni ya jembe, aende nyumbani na asirudi tena uwanjani. Kaondoka analia, viatu vyake mkononi.

Huyo hawamwibi!