Chopa ya Sebuleni

Tangazo lilitoka Ijumaa saa nne asubuhi, likiwa na mihuri mitatu. Ule wa tatu uligongwa kuthibitisha miwili ya kwanza. Lilisema hivi: "Kuanzia Jumatatu ijayo ni marufuku kwa mwananchi yeyote kutengeneza chopa nyumbani kwake, kuirusha, kuitua, au kuiacha ikielea juu ya makazi ya watu. Atakayekaidi atachukuliwa hatua, na chopa yake itachukuliwa pia."

Aliyeliandika ni Mkurugenzi wa Idara ya Utambuzi wa Vyombo, kwa mkono wake mwenyewe, bila kumshirikisha mtu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, ishirini na mitatu kati ya hiyo akiwa kazini, na hakuwahi kukosea hata mara moja, kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo ambalo mtu angeweza kulipima. Asubuhi hiyo alilisoma tangazo lake mara mbili na kuona limekamilika. Hata hewa alikuwa ameitungia sheria.

Habari za chopa zilikuwa zimemfikia kwa barua ya jirani asiyetaka kutajwa: kuna mwanamke mstaafu anatengeneza chopa sebuleni kwake, nyundo kutwa, watu hawapati hata nafasi ya kusengenyana kwa utulivu. Katibu muhtasi wake, mama mmoja mpole aliyevaa miwani ya kamba, aliuliza kama chopa hiyo haiwezi kuwa pikipiki, zile ndefu za mbele, maana naye amewahi kusikia zikiitwa hivyo. Mkurugenzi alimkumbusha kwamba kazi ya katibu muhtasi ni kuchapa, siyo kusikia.

Jumatatu alikwenda mwenyewe, na magari mawili, kofia ngumu ya kujikinga na utepe wa mita hamsini wa kupimia uwanja wa kutua.

Nyumba ilikuwa ya tatu kutoka mwisho wa kichochoro, mlango wazi. Ndani, makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani kama wageni waliokosa kukaribishwa, na katikati, juu ya matofali manne, kulikuwa na pikipiki. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa sebuleni na la mbele lilikuwa limeshaingia jikoni. Usukani wake ulinyanyuka kama mikono ya mtu aliyeambiwa asalimu amri. Tangi lilikuwa na umbo la chozi, limefuliwa kwa nyundo kutoka kwenye bati la mashine ya kufulia iliyokufa, na ukilitazama kwa karibu uliona alama za nyundo zimepangana kama magamba ya samaki.

Kando yake, juu ya kigoda, aliketi mama wa miaka sitini na mmoja, mguu mmoja kaunyoosha mbele kama ubao, akipiga tupa kipande cha chuma. Mtaani walimwita Mama Kerezo. Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya mashine ya kukereza katika kiwanda cha pampu, mpaka kiwanda kilipofungwa. Kilimwachia vitu viwili: goti la kulia lisilokunjika, na vidole vinavyoweza kutambua tofauti ya unene wa unywele mmoja. Kwenye kona nyingine mumewe, fundi cherehani, alikuwa anashona ngozi ya kiti. Alikuwa na sindano mdomoni, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake rasmi ya kutozungumza.

"Chopa iko wapi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Umekanyaga waya wake wa breki," alisema Mama Kerezo. "Sogea kidogo, mdogo wangu."

Mkurugenzi akasogea. Akatazama dari, halafu jikoni, halafu ile pikipiki. Akauliza inapaa kwa kutumia nini. Mama Kerezo akamtazama, akamtazama mumewe, kisha akamwambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba haipai. Ni pikipiki. Injini kaitoa kwenye pikipiki iliyogongwa, lakini kila kitu kingine kakitengeneza kwa mikono: fremu, miguu ya mbele, hata bomba la moshi, ambalo alilijaza mchanga na kulipasha moto ili likunjike bila kubonyea. Miezi kumi na moja sasa.

Mkurugenzi aliuliza kwa nini asinunue ya kawaida kama watu wenye akili zao.

"Ya kawaida inataka ukunje goti," alisema. "Hii unaketi, miguu unainyoosha mbele. Daktari kaniambia goti limekwisha, nikae. Sawa, nitakaa. Lakini nitakaa huku naenda."

Mkurugenzi alitoka nje bila kuaga, akaingia kwenye gari na kufunga vioo. Alikaa humo dakika arobaini. Tangazo lilikuwa limebandikwa kila nguzo na kusomwa redioni mara tatu. Kulifuta maana yake ni kukiri kosa, na Idara ilikuwa na fomu arobaini na moja ambazo hakuna hata moja ya kukiri. Kuichukua pikipiki kulikuwa kubaya zaidi, maana watu wangetaka kuiona hiyo chopa iliyokamatwa, na wangeiona. Dereva wake alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanamtikisika. Mkurugenzi aliamua kuamini kwamba ana mafua.

Ndipo suluhisho likamjia. Tangazo lilikataza chopa nyumbani. Basi kilichokosewa si tangazo. Kilichokosewa ni nyumba.

Akarudi ndani, akavua kofia, na kutangaza kwamba kuanzia dakika ile jengo hilo si nyumba tena kisheria. Ni kiwanda.

Fundi cherehani alitoa sindano mdomoni kwa mara ya kwanza. "Na sisi tutalala wapi?"

"Kiwandani. Nyinyi ni wafanyakazi wa zamu."

Wiki tatu zilizofuata, Mkurugenzi alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya. Jikoni palisajiliwa kuwa kantini. Chumba cha kulala kikawa stoo ya malighafi zisizo hatarishi. Mlango wa choo ulibandikwa kibao cha Wafanyakazi, na wageni wakaelekezwa kwa jirani, yule yule asiyetaka kutajwa. Kwa kuwa kanuni zinasema fundi mkuu hawezi kuwa pia meneja mkuu, fundi cherehani aliteuliwa kuwa meneja mkuu wa mkewe. Mama Kerezo akawa anatakiwa kumwandikia barua ya ruhusa kila anapotaka kutoka. Meneja alizipitisha zote papo hapo, nyingine kabla hazijaandikwa, kwa sababu katika miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kumkatalia kitu yule mama na hakuona kwa nini cheo kimharibie maisha sasa.

Cheti kilitoka. Mkurugenzi aliweka sahihi na kulala usingizi mzito.

Kilichomponza ni ripoti ya mwaka. Chini kabisa, kwenye safu ya Mafanikio ambayo kila mwaka huwa na kistari, mtu wa takwimu aliandika kwa uaminifu: "Viwanda vya pikipiki vilivyoanzishwa: kimoja." Ripoti ikapanda hadi mezani kwa Waziri, na Waziri akaisoma, jambo ambalo halijawahi kutokea na hakuna aliyekuwa amejiandaa nalo. Miaka sita alikuwa akiahidi viwanda. Sasa anacho kimoja. Akaagiza utepe.

Siku ya uzinduzi, kichochoro kilijaa watu hadi juu ya kuta. Chopa ilitolewa nje kwa kubomoa fremu ya mlango, kwani hakuna aliyekuwa amewaza itatokaje. Mama Kerezo alijifunga khanga kiunoni juu ya suruali, akavaa helmeti, akapiga kiki kwa mguu ule mzima. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikakohoa tena, na Waziri akamtazama Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaitazama saa yake. Mara ya tatu ikaitika, kwa sauti nzito ya taratibu, kama mtu mnene anayecheka peke yake.

Akaondoka nayo. Mguu wa kulia umenyooka mbele, mgongo umetulia, mikono juu. Akaenda hadi mwisho wa kichochoro, akakata kona ambayo mafundi wote wa mtaa walikuwa wameapa haitakatika, akarudi. Watu hawakushangilia mara moja. Mumewe alikuwa amesimama kwenye tundu la mlango, uzi mkononi, akijifanya anautafuta mwisho wake.

Makofi yalipolipuka, Waziri aliyachukulia kuwa yake. Akapanda jukwaani, akatupa hotuba aliyoandikiwa, akasema ya moyoni. Alisema aibu gani hii, taifa lina kiwanda chake na viongozi bado wamekalia magari ya wenzetu. Watu wakapiga kelele. Akasema yeye mwenyewe, kuanzia mwezi ujao, atapanda chopa ya kiwanda hiki. Wakazidi. Akasema, na wakuu wa idara zote kumi na tisa, vivyo hivyo, magari yao yarudishwe, hakuna msamaha. Aliyepiga makofi kwa muda mrefu zaidi ni Mkurugenzi. Viganja vyake vilikuwa bado vinagongana wakati akili yake ilipofika.

Magari yalichukuliwa Jumatano. Alhamisi Mkurugenzi alikwenda kazini kwa miguu, saa nzima na robo, na njiani alisoma matangazo yake yote kwenye nguzo. Hakuwahi kujua ni mengi hivyo. Mengine hakuyaelewa.

Ijumaa alikuwa mlangoni kwa Mama Kerezo, viatu mkononi. Alikuwa amepiga hesabu: chopa moja, miezi kumi na moja, yeye kwa cheo ni wa kumi na mbili. Itamfikia akiwa amestaafu miaka mitatu. Alieleza kwa lugha ya kiofisi kwamba anaomba kipaumbele, kwa kuzingatia mchango wake katika kuanzishwa kwa kiwanda.

Mama Kerezo alimwambia aketi, maana anamtia uchungu wa miguu kumwangalia. Halafu akamweleza kwamba hapo hakuna kipaumbele. Chopa ni kama suruali, haigawiwi, inapimwa kwa mwenyewe. Yeye ana mikono miwili na goti moja, hawezi kutengenezea serikali nzima. Anayetaka atakuja atengeneze yake, na yeye ataonyesha.

"Mimi sijui kutengeneza kitu, mama," alisema Mkurugenzi. Sauti ilimtoka ndogo. Hakuwa amewahi kulisema hilo, hata kwa mkewe.

"Najua," alisema Mama Kerezo. "Nimeliona tangazo lako."

Akampa tupa na kipande cha chuma, akamwambia aanze na kikanyagio cha mguu, kwa kuwa hata akiharibu hakiui mtu.

Jumatatu iliyofuata Waziri naye alikuja. Asingeweza kurudi nyuma, kwa kuwa picha yake ilikuwa kwenye kila gazeti akinyoosha kidole kuelekea mbele. Meneja mkuu alimpima mapaja na mikono, akaandika vipimo kwa chaki, akatamka kwa sauti kipimo cha tumbo kwa sababu ndivyo mafundi cherehani walivyozoea. Kisha Waziri akaoneshwa sehemu yake kwenye benchi, kando ya Mkurugenzi. Walioshinda humo siku nzima walipewa saa moja ya kantini.

Mwezi wa kwanza ulipita kwa malengelenge. Mwezi wa pili Mkurugenzi alianza kuota vikanyagio. Kila jioni Mama Kerezo alichukua kazi ya kila mtu, akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada huku macho yakiwa kwingine, na kuitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Hakugomba. Alisema tu, "Rudia." Ndoo ilikuwa na vikanyagio vinane vya Mkurugenzi na kumi na kimoja vya Waziri, na Mkurugenzi alikuwa akiitegemea tofauti hiyo ili aweze kuamka asubuhi.

Siku moja mwezi wa tatu, Mama Kerezo alipitisha vidole kwenye kikanyagio cha tisa, akasimama kidogo, akarudia. Mkurugenzi akaweka tupa chini.

"Upande huu unakubalika," alisema. "Ule mwingine rudia."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa ili Waziri asimwone uso. Mama Kerezo akaandika barua ya ruhusa, mumewe akaisaini, na wote wawili wakatoka, yeye mbele na meneja mkuu nyuma yake kakumbatia kiuno. Sauti ya chopa ikapungua taratibu mpaka mwisho wa mtaa.

Simu ya kiwanda ililia. Waziri akaruka kuipokea, mikono imejaa unga wa chuma, uso umechangamka. Kwa miezi mitatu wizara haikumtafuta, na sasa ilikuwa imeshindwa.

Alikuwa ni yule katibu muhtasi wa Mkurugenzi. Waziri alisikiliza kwa muda mrefu. Mwishowe alisema "Ahsante" na kuiweka simu chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Tunaitwa?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hapana," alisema Waziri. "Anasema tangu tumeondoka mafaili yote yamekwisha. Watu wanahudumiwa siku hiyo hiyo, foleni hakuna." Akaketi. Akachukua kipande chake cha chuma, akakigeuza, akakitazama. "Anauliza kama tupa zinatutosha, au atuletee nyingine."