Swali Langu Kuhusu Debora Ndahani

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijamwambia mtu, hata padri: nina wivu. Jana Debora Ndahani, mtangazaji mwenye sauti nzito, alisoma redioni insha ya Optatus wa darasani kwetu. Yangu, kurasa tisa zenye tanbihi, hakuitaja.

Leo nimeona picha ya zamani ya Debora. Amebana ngoma mapajani, anaipiga. Kwetu Bukoba, kabla hatujahamia huku, nimeona wapiga ngoma wanaume tu. Nikafungua akaunti, nikaiita Mtafiti Huru, nikaweka picha na swali: huyu ni mwanamke kweli? Sikusema uongo. Niliuliza tu. Wamependa watu wanne. Utukufu!

Jumanne, 5 Agosti

Ruthu, jirani yetu hapa Nkuhungu, ameiona. Amecheka hadi akashika mbavu. Ameniuliza huyo mtafiti kadondoka kutoka wapi, maana kwa Wagogo ngoma hizo ni za wanawake. Bibi yake anapiga. Mama yake anapiga. Na Debora ni shangazi yake.

Shangazi yake!

Nikasema labda mtafiti ni mgeni. Akasema mgeni huuliza wenyeji, mpumbavu huuliza mtandaoni. Nimeifuta ile picha. Yamekwisha.

Jumatano, 6 Agosti

Hayajaisha. Mama amepokea picha ileile kwenye kundi la kwaya, kutoka Mwanza. Swali langu si swali tena. Limekuwa habari. Chini yake mwanaume nisiyemjua anaapa kwamba alilala na Debora bweni moja, shule ya wavulana, mwaka 1999. Anakumbuka hata shuka. La kijani.

Bweni hilo halipo! Nani ajuaye kuliko mimi niliyeanzisha? Lakini jioni nilijikuta naikuza ile picha, nachunguza mikono yake. Si mikubwa kidogo?

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Upepo, vumbi, jua jekundu. Kikundi cha ngoma cha kina Debora kilipoingia uwanja wa maonyesho ya wakulima, hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinua simu. Mamia ya simu, kimya, zote zikimwelekea shingoni kutafuta koo la kiume. Mzee mmoja wa Kigogo, aliyekulia kwenye ngoma hizohizo, akamnong'oneza mwenzake kwamba hata yeye alihisi tangu zamani.

Tangu zamani! Nilianza Jumatatu.

Debora alipiga mapigo machache, akaacha. Akailaza ngoma chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka. Simu zote ziligeuka kumfuata.

Jumapili, 10 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi, saa ya kipindi chake, Debora hakuwepo redioni. Wimbo mmoja tu, mara tatu mfululizo.

Ruthu hacheki tena. Amesema watu wamefika kijijini Mvumi, wakagonga kwa bibi yake, mama wa Debora, wakitaka aseme alizaa mtoto gani. Bibi amejifungia tangu jana. Hali chakula. Shangazi ameapa kwamba hatarudi redioni mpaka mama yake aachwe kwa amani. Ruthu akaniomba mimi, msomaji wa vitabu, niandike kitu watakachokiamini.

Hapo nilipaswa kumwambia kwamba Mtafiti Huru ni mimi. Nikasema sawa.

Nilirudi kwenye akaunti ya Mtafiti Huru, nikaandika kwamba nilikosea, sikujua mila za hapa. Watu sabini wakauliza nani kanihonga. Yule wa bwenini akasema anamfahamu Mtafiti Huru wa kweli, na si mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Basi ukweli haufai. Nimefungua akaunti mpya: Bibi Evarista, mkunga mstaafu, Chamwino, miaka sabini na sita. Nikaeleza nilivyompokea Debora kwa mikono yangu, alfajiri, mwanga wa kandili, mvua ya kwanza ya mwaka. Mtoto wa kike, kilio kama cha fahali. Nililia kidogo nikiandika. Nikatuma.

Chai haijapoa, mwanamke wa Kizota ameandika. Shikamoo bibi. Anasema ananikumbuka vizuri, hata yeye alizaliwa mikononi mwangu. Anauliza kama bado navaa ile miwani iliyofungwa kwa uzi mwekundu.

Miwani sikuiandika mahali popote. Nimesoma tena maneno yangu mara tatu. Haimo.

Kisha nikamjibu: Marahaba, mwanangu. Ndiyo, bado ninayo.