Wiki Niliyouokoa Mpango wa Kuzuia Utukutu

Jumatatu, 11 Novemba

Kosa la watu wengi ni kumngoja mtoto aharibu ndipo wamshughulikie. Nimelieleza jambo hili mara nyingi katika chumba cha walimu, na kila mara kengele imelia kabla sijamaliza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Miaka thelathini na minane ya ualimu, tisa ya mwisho nikiwa mwalimu wa nidhamu, imenifunza hivyo.

Barua imefika kutoka ofisi ya elimu ya mkoa. Mwalimu mkuu, Bi Fresia Mansilla, ametusomea akiwa amesimama. Ijumaa anakuja afisa, Bi Schwerter. Ataamua kama serikali itaendelea kutupa msaada mwaka ujao. Msaada maana yake ni Noelia. Noelia Huenchur ni mwalimu tuliyeletewa miaka miwili iliyopita kuzuia utukutu na kufeli. Ana watoto kumi na mmoja wa darasa la saba, wale ambao mlango wa ofisi yangu unawajua kwa sauti ya kubisha. Bi Fresia amesema Noelia akiondoka, wengi wao hawataumaliza mwaka ujao wakiwa shuleni.

Noelia ametuomba tuendelee kama kawaida. Kama kawaida! Mbele ya afisa! Binti mzuri, lakini ana miaka ishirini na tisa.

Nimefungua kitabu cha darasa la saba. Humo huandikwa kila kosa: jina, tarehe, tukio, sahihi ya mwalimu. Makosa mia moja arobaini na matatu tangu Machi. "Amekula chaki, akakataa kutoa sababu." "Alizungumza na ukuta." "Alibweka." Mengi ni kwa mwandiko wangu. Afisa akiyaona haya, tumekwisha.

Nimeamua kusaidia. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 12 Novemba

Mpango wa kwanza. Kosa lisiloandikwa halipo. Nimefika mapema kuliko bawabu, nikakusanya vitabu vya madarasa yote manane, nikavifungia kabatini kwangu. Walimu nimewaambia vinatiwa majalada mapya. Don Oyarzo wa hesabu akauliza majalada ya nini Novemba, mwezi mmoja kabla mwaka kwisha. Nikaanza kumweleza historia ya jalada, tangu enzi za ngozi ya mbuzi. Akaondoka nikiwa bado kwenye mbuzi.

Matokeo ya ajabu! Siku nzima, hakuna kosa hata moja shuleni. Saa nne kiti kilitoka kwa dirisha la darasa la saba. Lakini hakikuandikwa, na dirisha lilikuwa wazi.

Mchana Noelia alinijia na karatasi yake. Ameorodhesha makosa ya Yanara Cárcamo: kumi na tisa, yote Jumanne na Alhamisi, kipindi cha pili. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona kwamba Jumanne na Alhamisi ni siku ngumu. Akasema, kwa upole wa mtu anayemvusha kipofu barabara, kwamba hizo ndizo saa za kusoma kwa sauti. Zamu ikimkaribia, Yanara humrushia mwenzake kitu ili atolewe nje. Kufukuzwa ni afadhali kuliko kujulikana kwamba ana miaka kumi na mitatu na bado anasoma kwa kidole. Basi tangu Agosti Noelia humsomesha kipande cha kesho leo. Tangu Septemba hajaandikwa hata mara moja.

Nikasema ni jambo la kuvutia. Nikapendekeza tufute kusoma kwa sauti.

Noelia akanywa maji, akaenda zake.

Jumatano, 13 Novemba

Balaa. Nilikuwa nimesahau, nami nimekijaza kitabu hicho maisha yangu yote: kurasa za mbele ni za mahudhurio. Serikali hutoa ruzuku kwa kila mtoto aliyetiwa alama kuwa yupo. Kwa karatasi, jana na leo asubuhi shule yetu haikuwa na mtoto hata mmoja. Ofisi ya mkoa imepiga simu kuuliza kama mto umefurika.

Bi Fresia aliniita mbele ya watu. Akasema mzee umeifuta shule nzima, tetemeko la ardhi lenyewe lilituachia vyoo. Nikamweleza kwamba, kwa kufikiri kwa utulivu, hakuna shule yenye nidhamu kuliko isiyo na wanafunzi. Hakucheka. Vitabu vimerudi madarasani saa tano. Don Oyarzo alikipapasa chake juu na chini, akasema fundi huyu wa majalada ni hodari, mkono wake hauonekani kabisa.

Mpango wa pili, basi. Kitabu kina pia upande wa sifa. Ni mweupe kama kilele cha volkano chenye theluji. Nimewaagiza walimu wampe kila mtoto sifa moja kabla ya Ijumaa. Don Oyarzo alitii mara moja. Mtoto wa kwanza: "Leo alikuwepo." Wa pili: "Anapumua bila kusimamiwa." Wa tatu: "Hakubweka." Nikamnyang'anya kitabu cha darasa la saba.

Nimekuja nacho nyumbani nikaandika mwenyewe, kwenye meza ya chai ya saa kumi na moja, kati ya mkate na siagi. Mke wangu, Clorinda, akauliza kama watoto wote hao nawajua. Nikamweleza kwamba sifa haihitaji kumjua mtu, na kwamba akitaka ushahidi asikilize hotuba za mazishini. Akasogeza siagi mbali na kitabu cha serikali.

Majina thelathini na manne. Baada ya ishirini maneno yaliniishia. Kumi na wanne wa mwisho wote ni "msafi na mpenda nchi".

Alhamisi, 14 Novemba

Imegundulika kwamba mmoja wa wapenda nchi wangu, Ademir Soto, alihamia mji wa Punta Arenas, kusini kabisa, tangu Aprili. Nimemwambia Bi Fresia kwamba huko nako ni nchi yetu. Akaniomba nitoke ofisini kwake.

Kisha Noelia. Yanara naye ameiona sifa yake. Nilikuwa nimemwandikia "kiongozi mpole, msomaji hodari". Ameisoma peke yake, neno kwa neno, kidole chini ya mstari, halafu akauliza: "Shangazi, huyu mjomba ananidanganya au ananicheka?" Watoto wetu hutuita sote hivyo, mjomba na shangazi, hata wanapoturushia vitu. Noelia alitaka nimpe jibu ampelekee. Nikamweleza kwamba lugha ya kiofisi ina kanuni zake. Akaniangalia. Hakuna la kupeleka, akasema.

Sina muda wa kununiwa. Kesho ndiyo siku.

Mpango wa tatu, nao ni wa kitaalamu. Hatari haiko kitabuni, iko madarasani: wale kumi na mmoja. Afisa asipowaona, ataona nini? Amani. Nimepiga simu kiwanda cha jibini, ambako binamu yangu ni mlinzi. Wanapokea wageni Ijumaa asubuhi, na basi lao litakuja kuwachukua. Don Oyarzo atawasindikiza. Ni mtu asiyekataa jambo lolote lenye jibini ndani. Wataondoka kabla Noelia hajafika kutoka mjini. Bi Fresia atakuwa kwenye njia kuu akimpokea mgeni.

Nimewaambia watoto ni zawadi. Kumi wamepiga kelele za furaha. Yanara amebaki pale pale. Akasema yeye ana kazi kesho. Ana ukurasa mmoja, Shangazi Noelia amemwahidi kwamba atausoma mbele ya mgeni, na ameufanyia mazoezi wiki tatu. Akauliza: "Mjomba, tutarudi kabla mgeni hajaondoka?"

Nikasema Mungu akipenda. Upande wangu nilikuwa nimepanga asipende.

Ijumaa, 15 Novemba

Basi liliondoka saa moja na nusu. Mvua. Yanara alikaa dirishani, karatasi yake ameikunja ndani ya koti isilowe.

Bi Schwerter alifika saa tatu. Mama mrefu, viatu vya mpira, maneno machache. Nikampeleka darasa la saba. Watoto ishirini na wawili wamekaa wima kama mishumaa. Kimya! Nilisikia tumbo langu mwenyewe. Akaomba kitabu. Akafunua upande wa sifa, akausoma, akaulizia hili la usafi na kupenda nchi: ni ugonjwa wa eneo hili, maana limewapata kumi na wanne kwa siku moja? Nikamweleza juu ya hewa ya mlimani.

Akafunga kitabu. Akamwambia Bi Fresia kwamba shule ni tulivu mno, hongera zenu, na kwamba ng'ambo ya mto kuna shule ambako watoto wanapigana mpaka jikoni. Msaada una mwalimu mmoja tu. Utakwenda huko.

Nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu kwa ile hongera. Ilinichukua muda kufika kwenye sentensi ya pili.

Noelia alikuwa mlangoni. Akauliza watoto wake kumi na mmoja wako wapi. Nikaanza kueleza umuhimu wa viwanda vya maziwa katika uchumi wa kusini. "Don Eleuterio," akasema, "umewaficha wagonjwa, kisha unashangaa daktari anafungasha." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali. Kisha akamgeukia afisa akaomba jambo moja: ale chakula cha mchana nasi. Bi Fresia akaleta dengu. Bi Schwerter akatazama saa, akatazama dengu, akakaa. Noelia akatoka kumpigia simu Don Oyarzo.

Walirudi saa saba. Tuliwasikia kabla hatujawaona. Kumi na mmoja, kofia nyeupe za karatasi vichwani, wananuka maziwa chachu, wawili wameshikana mashati kwa sababu ya kofia ya tatu. Don Oyarzo alifunga msafara na mdomo umejaa. Noelia akainua vidole viwili, bila neno. Wale wawili wakaachana. Wakakaa. Afisa akaacha kijiko.

Noelia akasema: Yanara, ukiwa tayari.

Akasimama. Karatasi ilikuwa imelowa pembeni. Nilikuwa karibu, niliiona. Akaanza neno la kwanza, akakwama. Mtu wa nyuma akakohoa kile kikohozi cha dhihaka. Yanara akaangalia meza. Palikuwa na rula ya mbao. Miaka tisa ya kazi hii: nilijua kinachofuata. Akaichukua rula. Nami nikachomoa kalamu.

Akailaza chini ya mstari wa kwanza, akasoma.

Ukurasa mmoja, dakika saba. Rula ilishuka mstari kwa mstari. Hakuna aliyekohoa tena. Dengu zilipoa. Alipomaliza alikaa haraka, akavuta kofia ya karatasi mpaka machoni.

Bi Schwerter akauliza kama Noelia ana hesabu za kweli. Noelia akatoa karatasi zake: mwaka jana makosa mia tatu na kumi, mwaka huu mia moja arobaini na matatu, kila kosa na saa yake na sababu yake. Afisa akasema hicho ndicho alichoendesha gari kwa saa mbili kwenye mvua kuja kukiona. Noelia anabaki mwaka ujao mzima. Ng'ambo ya mto watatafutiwa mwalimu mwingine.

Kuna sharti moja, ameliandika kwa mkono wake. Kila asubuhi mtu mzima mmoja asimame getini amsalimie kila mtoto kwa jina lake. Alinitazama mimi alipokuwa akiweka nukta.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeitafakari wiki nzima kwa haki. Hoja ni nyepesi. Bila kiwanda cha jibini, watoto wasingeondoka. Wasingeondoka, wasingerudi. Wasingerudi, afisa asingekula dengu wala kusikia ukurasa ule. Kwa hiyo mpango wa Noelia umeokolewa na mimi. Nimemfafanulia Clorinda mara mbili. Akanijazia kikombe, akaenda kulisha kuku.

Asubuhi nimesimama getini. Watoto mia mbili na watano si mchezo. Nimemwita Belén "Belinda". Mapacha wa darasa la tatu nimewaita kwa jina la baba yao, wote wawili. Nimemkaribisha darasani kijana mmoja ambaye, kumbe, ameleta unga wa jikoni.

Akapita Yanara. Nikamwambia karibu, Yamila.

Akasimama. Akasema: "Yanara, mjomba. Ya-na-ra. Nikuandikie?"

Wenzake wakacheka njia nzima hadi kwenye bomba la maji. Sikukasirika. Nilikuwa tayari nimeliona tatizo lilipo, na liko kwa watoto: wanatembea bila majina. Kinga ni rahisi. Kila mmoja atavaa shingoni kadi yenye jina lake, herufi kubwa, kuanzia kesho. Atakayeisahau ataandikwa kitabuni. Atakayebadilishana na mwenzake ataandikwa mara mbili. Noelia hajui bado. Nataka afurahi ghafla.

Leo, kabla ya kengele ya mchana: nunua kamba, mita mia mbili.