Firoz Mshika Ufunguo na Panya wa Woolwich

"Hivi, Bi Khairun, wale wafalme wa Delhi, Waislamu, waliwatawalaje Wahindu wengi namna ile wasipinduliwe kabla ya chai?"

Ndivyo alivyouliza Dinah, nesi wa Kikenya wa nyumba ya pili, siku moja akianua nguo uani. Bi Khairun akamjibu, "Mwulize mwanangu Firoz habari za panya."

Basi sogeeni, enyi mnaopika na mnaopikiwa, enyi wenye gesi na mliokatiwa! Tegeni masikio, shikeni watoto, punguzeni moto chini ya sufuria! Kwa jina la Mola aliyemfahamisha Nabii Suleiman kauli ya sisimizi, sasa yasimuliwa vita kuu ya jiko la Woolwich, ambayo haikumwaga damu ila unga.

Palikuwa na nyumba ya orofa tatu karibu na soko, na ndani yake jiko moja tu, na jiko hilo ndilo dola. Mwasisi wake alikuwa marehemu Zulfikar, Mungu amrehemu, muuza vitambaa wa Unguja ambaye Mapinduzi yalimtoa na mke, mtoto, na kawa la kufunikia chakula. Alipoikodi nyumba ile Landani akawapangisha Wahindu wa Unguja, wa Pemba, wa Kampala, hata Waislamu wakawa ni yeye na watu wake chini, na Wahindu wakawa orofa zote za juu. Akawatawala kwa haki, na kwa kodi moja: kila karai likipata moto, bajia ya kwanza ni ya mwenye nyumba.

Alipofariki akatawazwa mwanawe Firoz, kondakta wa basi, Simba wa Ngazi, Mshika Ufunguo wa Mita ya Gesi. Firoz alikuwa na kitabu kinene cha wafalme wa Kimughal, wale wa Delhi, akikisoma kila apatapo mapumziko pale depo, mpaka akajiona damu yao inamtembea mwilini. Kwa kuwa mmoja wao aliifuta jizya, kodi waliyotozwa Wahindu, naye siku ya kutawazwa kwake aliifuta kodi ya bajia. Raia wakashangilia. Tumbo lake halikushangilia, na halikumsamehe.

Sasa, mwaka wa sabini na nane, kesho yake ikiwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, akatokea adui. Alitokea nyuma ya kabati la unga, mwenye masharubu kama jemadari, akakatiza jikoni bila hodi wala salamu.

"Audhubillahi!" Bi Khairun akaruka nyuma. Punde akarudi na mtego wa mbao na waya, ule wa kuvunja shingo. "Firoz! Sipiki, sili, wala siingii humu mpaka mlaanifu huyo afe!"

"Bi Khairun, usifanye hivyo!" Huyo alikuwa Bhanu wa orofa ya pili, mikono imejaa unga wa dengu, yuko katikati ya kufinyanga ladu, vile vidonge vitamu vya sikukuu. "Firoz bhai, ndugu yangu, panya ni kipando cha mungu wetu Ganesh. Mkimwua leo, kesho nitawasha taa kwa uso gani?"

Nyuma yake akasimama mumewe, Chandrakant, karani mwembamba mwenye miwani, msemaji wa orofa za juu, akainua kidole.

"Ewe Firoz bin Zulfikar! Nimevumilia foleni ya bafu. Nimevumilia mama yako kuikoroga dengu yangu na kuitangaza kuwa haina chumvi. Lakini damu? Damu sitaivumilia! Roho ya panya huyu ikitoka humu, kesho asubuhi sisi tuko Leicester kwa shemeji yangu, na orofa zote zitafuata!"

Firoz akapiga hesabu. Chandrakant angeweza kwenda hata leo, na njia njema. Lakini Bhanu? Kila siku Firoz alitoka alfajiri na basi, akarudi usiku, na kutwa nzima mama yake alikaa na Bhanu, wakitembea kwa maneno mitaa ya Unguja, duka kwa duka, wakigombana nani aliuza kitambaa kibovu. Wakiondoka hao, mama atabakiwa na redio, na ile redio yenyewe aliitukana kwa kuwa haijui Kiswahili.

Mfalme akapanda juu ya kigoda. "Enyi watu wa jiko! Hatakufa, wala hatabaki! Naapa, atakwenda uhamishoni!"

"Kwanza mkamate," akasema mama yake.

Ikatafutwa silaha ya kumfunikia. Firoz akanyoosha mkono kwenye kawa.

"Kawa langu la harusi? Thubutu uone."

Akaigeukia sufuria ya Bhanu. "Hii ya sikukuu, bhai, haiguswi." Akaishika ya mama yake, Chandrakant akapiga yowe, "Kipando cha mungu ndani ya chungu cha nyama ya mbuzi?" Hivyo dola ile, iliyojaa vyungu kutoka sakafu hadi dari, ikakosa hata kimoja cha kuendea vitani.

Akaweka kwanza chambo: kipande cha kebabu, cha moto, kinachonukia mtaa mzima. Panya akatoka. Akanusa. Akakipa mgongo.

"Huyo kala dengu tangu kuzaliwa," akasema Bhanu, kifua mbele. "Ni wetu."

"Nilijua tu," akasema Bi Khairun kutoka mlangoni. "Adabu hana."

"Adabu kajifunzia chini, kwa wenye nyumba!"

"Mama! Bhanu ben, dada yangu! Adui yuko mbele yenu!" Firoz akapangusa jasho. "Nipeni ladu moja."

Bhanu akazikinga kwa mikono yote miwili. Ladu zile zilikuwa hazijawekwa mbele ya mungu, na kabla ya hapo hapana anayeonja, hata mpishi. Bhanu alizipika kwa macho na pua tu.

"Bhanu ben," akasema Firoz, na safari hii hakupanda kigoda, "mimi siwezi kukuamrisha hilo. Nakuomba."

Bhanu akamtazama, akamtazama na Bi Khairun, aliyesimama kizingitini ameushika ule mtego wake kifuani. Akachagua ladu nzuri kuliko zote, akafumba macho na kuinyanyua juu akinong'ona, kisha akaiweka sakafuni kwa mkono wake. "Mwenyewe hatachukia kipando chake kikitangulia," akasema.

Hapo, wasikilizaji, moyo wa Firoz ukapiga kama ngoma ya vita! Akajilaza nyuma ya gunia la unga, Simba wa Ngazi, tumbo chini, matako juu. Panya akaja akitikisa masharubu. Akashika ladu kwa mikono miwili kama bwana harusi. Firoz akalivua taji lake, ile kofia ya ukondakta yenye beji inayong'aa, akaruka kama radi! Gunia likapasuka, dunia ikawa nyeupe, goti likalia ko! Unga ulipotulia, kofia ilikuwa sakafuni, na kofia ilikuwa ikitembea.

"Usinyanyue!" wakapiga kelele wote kwa pamoja.

Akaisukumia chini yake kile kitabu chake kinene, na wafalme wote wa Delhi wakawa machela ya panya. Msafara ukashuka hadi kivukoni, Firoz mbele mweupe kama maiti, Bhanu na Chandrakant nyuma yake, na Bi Khairun mwisho, kwa kuwa alitaka kushuhudia kwa macho yake. Wakavuka mto Thames. Ng'ambo ya pili Firoz akainua kofia. Bhanu akakutanisha viganja, Bi Khairun akasema alhamdulillahi, na panya akaondoka na ladu yake bila kugeuka.

Waliporudi, Bi Khairun akaingia jikoni kwa mguu wa kulia, akakunja mikono ya baibui, akakaa karibu na Bhanu kufinyanga.

"Sukari haitoshi hii."

"Hujaonja, Bi Khairun!"

"Naiona."

Naye Firoz, bado ana unga kwenye nyusi, akasimama kati ya jiko akatangaza, "Vizazi na vijue! Siku hii dola ya Zulfikar imeshinda bila kuua, imehamisha bila kudhulumu, na wa chini na wa juu wamevuka mto mmoja! Nawe, Chandrakant bhai, amiri wa orofa za juu, ieleze tarikhi: Leicester au hapa?"

Chandrakant akavua miwani, akaifuta unga kwa shati, akaivaa.

"Leicester baridi," akasema, akapanda zake ngazi kurudi juu.