Nafasi ya Ogweno Kwenye Benchi

Jumatatu, 4 Agosti

Mzee Ombui anajenga duka la mawe karibu na kituo cha majani chai, hapa Gesima. Ndani atataka hoteli moja tu ya chai. Ni mimi na kibanda changu, au Mokeira wa ng'ambo ya barabara. Ijumaa atapita aone benchi la nani limejaa. Lakini mimi nina Sharon, binti yangu, anasomea chuoni mambo ya kubuni app za simu. Ameshabandika vikaratasi vya rangi ukutani: mteja anatokea wapi, anaketi wapi, anaudhikia wapi. Mokeira ana nini? Chapati.

Jumanne, 5 Agosti

Sharon amechora mteja wa mfano. Jina Ogweno, muuzaji wa dawa za ng'ombe kutoka Kisumu, hana mke, ana haraka, asubuhi hali kitu. Eti ni wa kutusaidia kufikiri tu.

Hali kitu! Mtoto wa watu! Mamake anajua? Ugali umenishinda kumeza.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemtengea Ogweno nafasi nzuri, ile ya karibu na jiko, na kikombe kikubwa. Wachuma chai wamekuja, nikawaambia wasogee, hapo pana mwenyewe. Wakauliza nani. Nikawasimulia. Mama mmoja akasema huyo anahitaji mke, si chai. Kweli kabisa! Kemuma wa kwaya bado hajaolewa.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu. Mokeira amepaza sauti kutoka ng'ambo: Mama Sharon, huyo Ogweno wako si alikula kwangu jana! Chapati mbili, akaongeza ya tatu! Barabara nzima ikacheka. Sharon akaniambia, mama, Ogweno hayuko, ni karatasi. Nikamwambia najua.

Lakini ya tatu? Kwangu hajawahi kuongeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamua kumvuta arudi. Si nafasi moja tena, benchi zima, na kitambaa cha maua juu. Mzee Ombui akafika. Kwa Mokeira watu wamebanana, hata goti halina pa kwenda. Kwangu wachuma chai wamesimama nje, vikombe mkononi, mvua inawanyeshea. Mzee akauliza mbona benchi ni tupu. Nikasema lina mwenyewe, Ogweno. Akauliza yuko wapi.

Nikasema yuko njiani.

Duka amepewa Mokeira.

Jumapili, 10 Agosti

Wateja wamemfuata Mokeira, nami nimehamia pembeni ya barabara, chini ya turubai. Benchi moja, la watu watatu. Sharon amenishika mikono, akanisihi nianze na watu ninaowaona kwa macho. Nimemwambia nimeelewa, mwanangu. Kosa ni la Ogweno. Vijana hawaaminiki.

Baada ya kanisa nimechora mteja wangu mwenyewe. Mwalimu Achola, mtu mzima, mpole, ameokoka, chapati zinamdhuru. Ana mke na mtoto mmoja.

Kesho benchi lote ni lao.