Homa Niliyoipeleka Hadi Uganda

Jumatatu, 9 Juni
Balaa. Madam Aketch, mkuu wa ofisi yetu ya kufuatilia magonjwa hapa Thika, amenichagua niende Busia. Kenya na Uganda zitafanya zoezi la pamoja la kukabiliana na mlipuko mpakani. Amesema ni kuigiza tu, hakuna ugonjwa. Bado! Mimi huchapa majina ya virusi, kisha nanawa mikono. Ngigi wa meza ya pili ameniuliza kama nitabeba blanketi ya mama.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata njia. Homa! Mwenye homa hasafiri. Nilibeba thamosi, nikajikanda paji la uso kwa kitambaa cha maji moto nyuma ya choo cha ofisi. Muuguzi Adan akanielekezea kipimajoto. Kikalia. Nikakohoa kidogo, kwa adabu.
Nilitarajia kutumwa nyumbani Kiganjo nikalale. Adan alirudi nyuma, akavaa barakoa. Madam akauliza nilikutana na nani. Nikamtaja dereva wa lori kutoka Kampala, tuliyekunywa naye chai. Sijui kwa nini. Ilisikika vizuri.

Jumatano, 11 Juni
Nimefungiwa peke yangu kwenye wodi ya karantini, Ruiru. Kumbe kwa makubaliano ya nchi zetu, nchi jirani huarifiwa papo hapo! Uganda wanamtafuta dereva wangu. Tanzania nao wameuliza kama alipitia kwao. Mama amekatazwa kutoka nyumbani. Amenipigia akilia, akauliza kama nitapona.
Ngigi ameandika: "Niaje, mgonjwa wa mataifa?"
Wa chumba cha pili anakohoa. Kikohozi chake hakina adabu hata kidogo.

Alhamisi, 12 Juni
Damu yangu ni safi. Madam amesimama nje ya dirisha.
"Simeon, huyo dereva yuko kweli?"
"Hayuko, Madam."
Ameandika kitu kwenye daftari lake. Afadhali angefoka.
"Wenzetu wamekesha wakitafuta mtu hewa. Sasa utaenda Busia uwaombe msamaha ana kwa ana. Ama uandike barua ya kuacha kazi."
Ameongeza kwamba zoezi linahitaji mtu wa kuigiza mgonjwa. Wote wamekubaliana kwamba nina kipaji.

Ijumaa, 13 Juni
Mama ameruhusiwa kutoka. Nimetulia, nikafikiria vizuri. Kosa langu lilikuwa homa. Homa huwashtua watu.
Kesho, ili nisiende Busia, nitasema nilienda Gatuanyaga, nje ya mji, nikang'atwa na popo. Hicho ni kidonda tu. Uganda itajali kidonda?